Chuo si vioo na marumaru: Somo la ujenzi kutoka Endulen

WAISLAMU wa mijini tumeamka katika jambo la elimu, Alhamdulillah. Ni nadra sasa kupita Ijumaa mbili bila kusikia tangazo la mchango wa ujenzi: hapa madarasa ya sekondari, pale chuo cha ualimu, kwingine chuo cha ufundi, na wenye azma kubwa zaidi wanazungumzia chuo kikuu. Watu wanatoa. Mama anayeuza vitumbua anatoa, na mfanyabiashara wa Kariakoo naye anatoa. Siku ya kuweka jiwe la msingi inafika, mchoro mkubwa wa rangi unatundikwa ukutani, na ndani yake tunaona jengo la vioo vya bluu, marumaru sakafuni na viyoyozi vimepangwa mstari mzima wa ghorofa.

Ndugu msomaji, hebu tujiulize swali ambalo kwenye kamati nyingi za ujenzi haliulizwi. Jengo hilo likishakwisha, nani atalilipia LUKU? Maji yatatoka wapi siku bomba la mtaa likikauka? Na baada ya miaka 20, paa likianza kuvuja, kuna mfuko wa kulitengeneza au itabidi turudi kwenye safu za Ijumaa na kofia mkononi?

Hiyo ndiyo maana ya ujenzi endelevu, neno ambalo wataalamu wamelizoea hadi limekuwa kama la kwenye warsha tu. Kwa lugha nyepesi, ni kujenga nyumba ambayo haimli mwenyewe. Haimli kwa umeme, haimli kwa maji, haimalizi miti ya jirani, na wajukuu wakiirithi wanarithi mali badala ya deni.

Kwetu sisi jambo hili si geni hata kidogo. Wanavyuoni wa fiq'hi, walipozungumzia waqfu, walilikata suala hili mapema: pato la waqfu, kabla ya kugawiwa kwa yeyote aliyetajwa kunufaika nalo, kwanza linatumika kuitengeneza mali yenyewe ya waqfu. Ukuta kwanza, paa kwanza, kisima kwanza, kisha ndipo mwalimu na mwanafunzi. Sababu yake iko wazi. Mali isipotunzwa inakufa, na sadaka inayotarajiwa kuendelea inakatika. Msikiti wa Qarawiyyin wa mji wa Fez, Morocco, ambao kwa mujibu wa simulizi ulianzishwa na Fatima al-Fihri mwaka 859, umebaki kuwa nyumba ya elimu kwa karne zaidi ya kumi, na nyuma yake kulikuwa na mashamba, maduka na nyumba za waqfu ambazo pato lake lilirudi kwenye majengo. Sisi tunafuata nusu ya sunna hiyo. Tunajenga, lakini mfuko wa matengenezo hatuuandiki popote.

Nyumba ya fimbo na samadi

Sasa tutoke mjini twende Endulen. Ukitoka Karatu unaingia lango la Lodoare, unapanda msitu hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, kisha unashuka upande wa pili kuelekea kusini magharibi. Endulen ni kata ya wafugaji wa Kimasai ndani ya Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, eneo la kilomita za mraba zipatazo 8,300 ambalo tangu mwaka 1959 liliwekwa ili watu, mifugo na wanyamapori waishi pamoja. Wengi wanalijua jina la Endulen kwa hospitali yake ya misheni. Wengine wamelisikia kutokana na mjadala mkali uliozuka tangu mwaka 2022, serikali ilipoanza kuhamishia kaya za Ngorongoro kijiji cha Msomera wilayani Handeni. Mjadala huo una makala yake. Hapa nazungumzia nyumba.

Kule mkaazi hajengi nyumba ya kudumu kwa kujiamulia. Anahitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi. Na hata kibali kikipatikana, kila mfuko wa saruji lazima upande ukingo wa kreta ndipo ushuke. Saruji iliyosafiri hivyo haiwezi kuwa rahisi.

Basi Mmasai anajengaje? Niseme kwanza kwamba anayejenga ni mwanamke. Yeye ndiye mwenye ramani, fundi na msimamizi. Anachimbia fimbo na miti myembamba ardhini, anazisuka kwa matawi madogo, anajazia nyasi, kisha anakandika kwa udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe. Nyumba, ambayo wenyewe huiita enkaji, ni fupi kiasi kwamba mtu mrefu anainama, na madirisha yake ni vitundu tu. Mgeni wa Dar es Salaam akiiona anahurumia. Lakini Endulen iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, usiku wake ni wa baridi, na upepo wa nyanda zile haucheki na mtu. Chumba kifupi chenye kuta nene na matundu madogo kinashika joto la jiko na la miili ya watu waliolala ndani. Ukuta ukipasuka, dawa yake iko zizini. Familia ikihama, mvua chache tu zinairudisha nyumba ardhini, na pale ilipokuwa panaota majani.

Simaanishi kuwa chuo chetu kijengwe kwa samadi. Na wala sipendi zile hotuba za kuusifia umaskini wa mtu mwingine. Enkaji ina aibu yake kubwa, nayo ni moshi: jiko liko ndani, bomba la moshi hakuna, na macho na vifua vya akina mama na watoto ndivyo vinavyolipa. Pia inataka kukandikwa mara kwa mara, na kazi hiyo yote iko mgongoni kwa mwanamke. Ninachokitaka msomaji akichukue ni namna ya kufikiri. Mama yule kabla ya kuchimbia fimbo ya kwanza ameshajibu maswali manne: hapa kuna baridi au joto, upepo unatoka wapi, nina kitu gani karibu, na nani atakarabati. Ni kamati ngapi za vyuo vyetu zimeyajibu yote manne?

Karibu na Endulen kuna mahali panaitwa Laetoli. Hapo mwaka 1978 kundi la watafiti la Mary Leakey lilifukua nyayo zilizoachwa kwenye majivu ya volkano, ambazo wataalamu wanakadiria umri wake kuwa miaka milioni 3.6. Walipomaliza kuzichunguza walizifukia tena ili zisiharibike. Lakini udongo waliofukia ulikuwa na mbegu za migunga, migunga ikaota, mizizi ikaanza kuzifuata nyayo. Ikabidi mwaka 1995 na 1996 baadhi zifukuliwe upya, mizizi iondolewe, kisha zifunikwe kwa tabaka za mchanga na vitambaa maalumu vya kuzuia mizizi. Nimelileta jambo hili kwa sababu linahusu ujenzi moja kwa moja: watu wenye elimu kubwa na nia njema walikaribia kuharibu walichotaka kukilinda, kwa kutojali udongo waliouchota jirani.

Kibla na jua

Turudi mjini. Kosa kubwa kuliko yote katika majengo ya vyuo vyetu hufanyika siku ya kwanza, pale mchoraji anapoliweka jengo kiwanjani. Analielekeza barabarani ili lionekane. Jua hakulifikiria.

Nchi yetu iko karibu na Ikweta. Asubuhi na jioni jua liko chini, linapiga kuta za mashariki na magharibi moja kwa moja, na hakuna upenu unaoweza kulizuia. Adhuhuri jua liko juu, na hapo upenu mdogo tu unatosha. Chukua Dar es Salaam. Mwezi wa Juni, jua la adhuhuri likiwa upande wa kaskazini, linakuwa kwenye pembe ya nyuzi kama 60 kutoka upeo wa macho. Upenu uliotokeza mita moja unatia kivuli karibu mita 1.7 za ukuta. Mwezi wa Desemba jua linahamia kusini na kupanda zaidi, na upenu ule ule unafunika zaidi ya mita tatu. Maana yake ni kwamba jengo refu linalolala mashariki hadi magharibi, madirisha yake yakitazama kaskazini na kusini, linakaa kivulini sehemu kubwa ya siku bila kulipa senti moja. Ligeuze liangalie mashariki na magharibi, nawe umenunua viyoyozi.

Hapa kuna jambo ambalo huwa nawapa wanafunzi wangu na huwafurahisha. Kibla chetu kiko wapi? Kutoka Dar es Salaam, Makka iko karibu kaskazini kabisa, tofauti yake ni kama nyuzi moja tu kuelekea mashariki. Kutoka Endulen ni nyuzi kama 10 mashariki ya kaskazini. Kwa hiyo safu ya waswalio katika nchi yetu inalala mashariki hadi magharibi. Chuo ambacho ukumbi wake wa swala umefuata kibla na kurefushwa kwa safu, kisha madarasa na mabweni yakapangwa sambamba nao, kitakuwa kimekaa kwenye jua vile vile ambavyo wasanifu wa nchi za joto wanashauri. Sisemi kuwa hiyo ndiyo hikima ya kibla. Kibla ni amri na tunaifuata tukiwa Tanzania au Uturuki. Nasema tu kwamba sisi wa hapa tumerahisishiwa, na bado tunajenga msikiti wa chuo ukiangalia kibla na madarasa yakiangalia barabara ya lami!

Kuhusu umeme nitatoa hesabu moja tu. Kiyoyozi cha kawaida cha chumba hula karibu kilowati moja, na feni ya dari hula wati kama 75. Kiyoyozi kimoja ni sawa na feni 13. Jengo lenye viyoyozi 20 vinavyofanya kazi saa 8 kwa siku, siku 22 za mwezi, linakula uniti zaidi ya 3,500 kabla hujawasha taa wala kompyuta. Fedha hiyo ingelipa mwalimu. Tusisahau pia kuwa kioo kikubwa kisichofunguka kinageuka tanuri siku umeme ukikatika, na umeme wetu tunaujua.

Waliojenga Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani, baada ya chuo kuhamia huko mwaka 1964 kikitoka mtaa wa Lumumba, walilijua hili. Tembea kwenye majengo ya zamani uone varanda ndefu, matofali ya matundu na ngazi zilizo wazi ambazo upepo wa kilimani unapita. Mwanafunzi wa leo anaweza kuyaona yamepitwa na wakati. Mimi nayaona yana akili kuliko mengi yaliyojengwa mijini baada yake.

Maji ya wudhu

Katika chuo cha Kiislamu maji si suala la jikoni na chooni tu. Tuseme chuo kina wanafunzi 300 wanaotawadha kwa ajili ya Adhuhuri na Alasiri. Kila mmoja akitumia lita 2, ni lita 1,200 kwa siku. Kila mmoja akiacha bomba wazi huku anazungumza na mwenzake, lita 6 zinakwisha bila yeye kujua, na siku inakula lita 3,600. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa Mtume (s.a.w.) akitawadha kwa mudi moja, kipimo ambacho kwa vipimo vya leo hakifiki hata lita moja. Kwa hiyo lita 2 nilizoweka ni za ukarimu mkubwa.

Sasa tazama juu ya paa. Milimita moja ya mvua ikinyesha kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Ukumbi wenye paa la mita 30 kwa 20 una mita za mraba 600. Mahali panapopata milimita 800 kwa mwaka, na Dar es Salaam hupata zaidi ya hapo, paa hilo linapokea lita 480,000. Toa moja ya tano inayopotea, unabaki na lita 384,000. Kwa wudhu wa lita 2 hizo ni siku 320. Kwa wudhu wa bomba wazi ni siku 106. Paa ni lile lile, mvua ni ile ile. Kilichobadilika ni mkono wa mtu, na Qur'an (7:31) imekwisha kutukataza israfu hata katika kula na kunywa.

Ugumu uko kwenye kuhifadhi, na hapa nisimdanganye mtu. Mvua inakuja miezi michache kwa kishindo, simtanki mbili hazifui dafu. Tangi la chini ya ardhi la mita 5 kwa 5, kina mita 4, linabeba lita 100,000, na ni kazi ya zege na nondo yenye gharama. Ndiyo maana lazima lichorwe mwanzo pamoja na msingi, si kukumbukwa baada ya ufunguzi. Misikiti ya kale ya mwambao ilikuwa na kisima na birika, na mtu akachota kwa kata. Aliyechota alijua amechota kiasi gani. Bomba la kubonyeza linalojifunga lenyewe linafanya kazi ile ile ya kata, na maji yanayotoka kwenye wudhu, ambayo hayana mafuta wala uchafu mwingi, yanaweza kupelekwa kwa bomba lake kwenye miti badala ya kujaza shimo la maji taka.

Na tukiwa hapo, sehemu ya wudhu ya dada zetu mara nyingi huongezwa mwishoni, nyuma ya stoo, bila hewa wala mlango unaofunga vizuri. Endulen mwanamke ndiye mjenzi. Sisi kwenye kamati ya ujenzi hatumpi hata kiti.

Wenzetu wamefanya nini

Mwaka 2001 kijana wa Burkina Faso, Francis Kéré, akiwa bado mwanafunzi Ujerumani, alikijengea kijiji chake cha Gando shule ya msingi. Wanakijiji walifinyanga matofali ya udongo yaliyoongezwa saruji kidogo, na bati likainuliwa juu ya dari, likaachiwa nafasi ya upepo kupita katikati, joto la bati lisifike darasani. Mwaka 2022 alipewa tuzo ya Pritzker, kubwa kuliko zote katika usanifu majengo, akiwa Mwafrika wa kwanza kuipata. Karibu zaidi na sisi, alisanifu chuo cha teknolojia ya habari cha Startup Lions kando ya Ziwa Turkana, Kenya, kilichokamilika mwaka 2021. Turkana ni jangwa. Alitumia mawe ya hapo hapo na akanyanyua minara kama vichuguu vya mchwa: hewa ya moto inapanda na kutokea juu, hewa baridi inavutwa kutoka chini, kompyuta na watu wote wanapumua. Nairobi nako, Chuo Kikuu cha Strathmore kiliezeka mapaa yake kwa sola za kilowati 600 mwaka 2014. Chuo hicho si cha Waislamu, na hilo halituzuii kuuliza walifanyaje.

Hapa nyumbani, kwa miaka mingi Wakala wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, NHBRA, ulifundisha utengenezaji wa matofali ya kufungamana: udongo na saruji kidogo, yanashindiliwa kwa mashine na kukaushwa kivulini, hayachomwi. Ukilinganisha na tanuri la matofali ya kuchoma, ambalo linakula magogo usiku na mchana, unaokoa msitu. Na kwa kuwa yanashikana yenyewe, unaokoa saruji ya kujengea. Saruji si kitu kidogo. Viwanda vyake duniani vinatoa kiasi cha asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu.

Bei ya kujenga nayo itazamwe kwa macho mawili. Mabweni yaliyofunguliwa Mlimani Aprili 2017, majengo 20 ya wanafunzi 3,840, yaligharimu shilingi bilioni 10, yaani kama milioni 2.6 kwa kitanda. Ni rahisi mno. Desemba ya mwaka huo huo picha za nyufa zilisambaa, Wakala wa Majengo ukaeleza kuwa ni viungio vilivyoachwa makusudi ili jengo litanuke. Mjadala ule ungetufaa kama ungeendelea hadi kwenye swali la pili: kitanda hicho kitagharimu kiasi gani kukitunza kwa miaka 50? Kule Zanzibar, Beit al-Ajaib, fahari ya Sultani Barghash ya mwaka 1883, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika ukarabati, na mafundi wawili wakapoteza maisha. Matengenezo yaliyochelewa huja na bili ya namna hiyo.

Jengo lililopo

Kuna jengo moja ambalo halihitaji saruji mpya, nalo ni lile lililokwisha simama. Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilianza kufundisha mwaka 2005 katika majengo yaliyokuwa ya chuo cha TANESCO, ambayo serikali ya Rais Benjamin Mkapa iliyakabidhi kwa Waislamu. Watu walilizungumza jambo lile kwa siasa zake, wengine kwa furaha na wengine kwa kinyongo. Kwa macho ya somo letu ulikuwa ujenzi endelevu wa hali ya juu: hakuna mti uliokatwa, hakuna kilima kilichopasuliwa kokoto, na madarasa yakapatikana. Mijini kuna maghala, nyumba kuu za waqfu na hata shule za zamani zinazodhoofika huku jirani yake tukichangisha kununua kiwanja kipya.

Kwa hiyo kamati itakapoitwa tena kupitisha ramani, kabla ya kuuliza rangi ya vioo, amwulize msanifu mtu mmoja hata asiye na digrii: dirisha hili linatazama wapi, maji ya paa hili yanakwenda wapi, na feni zikizimika darasa hili litakaaje saa 8 mchana? Kisha mweka hazina aulizwe ni fungu gani la ada limetengwa kwa matengenezo, akaunti yake iko benki gani, na nani anasaini. Na lipatikane jina la mtu, lisiwe la cheo, ambaye kila mwaka kabla ya masika atapanda ngazi kusafisha majani kwenye mifereji ya paa.